Oili Iliyozidi Alama

Fundi aliichomoa stiki ya oili, akaitazama, akainusa, kisha akaifuta haraka haraka kwenye paja la suruali yake. Haraka hiyo ndiyo iliyomtia Mama Pacha shaka. Fundi huyu hakuwahi kuwa na haraka ya jambo lolote. Watu walimwita Sikio, kwa mtindo wake wa kuegesha ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini inayonguruma, akaubana mpini sikioni, akafumba macho na kusikiliza mpaka mteja akaanza kusinzia. Leo alikuwa amesikiliza kwa muda wa kupiga chafya mbili tu, akazima injini, akanusa stiki, akafunga boneti.

"Liache hapa, shemeji," akasema. "Na usiliwashe. Hata kidogo."

Mama Pacha alimwuliza gari lina nini. Sikio alisema atajua akishalifungua. Alimwuliza atalifungua lini, akaambiwa Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na uwanjani mlikuwa na magari matatu tu, moja likiwa la Sikio mwenyewe, limekaa juu ya matofali tangu enzi za kale. Kazi gani basi iliyomzuia? Alitaka kumwuliza na hilo, lakini fundi alikuwa ameshampa mgongo, anatafuta spana ambayo ilikuwa imelala wazi mbele yake.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, kuukuu, la viti vya kubanana. Alilinunua baada ya miaka mitatu ya kushona sare za wanafunzi mpaka vidole vikaota sugu. Kila asubuhi alikusanya watoto saba wa chekechea kutoka milango saba, akawachanganya na pacha wake wawili, akawafikisha shuleni wote tisa wakiwa na viatu miguuni, jambo ambalo si dogo kwa anayewajua watoto. Injini ilikuwa na mlio wake wa asubuhi, ka-ka-ka, kama mtu anayegonga kijiko kwenye bilauri, na ikishapata moto hunyamaza. Ukifungua kizibo cha oili na kuchungulia ndani, ulikuta utando mweusi uliogandamana kama masizi ya sufuria ya kuni. Mwenye gari wa kwanza, Sikio aliwahi kumwambia, alikuwa mtu wa kuongeza oili tu bila kuimwaga ya zamani. Maisha ya kuvaa shati safi juu ya shati chafu.

Asubuhi hiyo, kwenye njia panda iliyo karibu na shule, Mama Pacha alikuwa amesimama kungoja magari yapite. Pacha mdogo, aliyependa kukaa mbele na kuhesabu kila kinachomulika, akamgusa mkono.

"Mama, birika limewaka."

Ilikuwa ile taa nyekundu ya oili, ambayo kwa kweli imechorwa kama birika la chai lenye tone mdomoni. Iliwaka, ikazima, ikawaka tena. Watoto wengine nyuma yake walikuwa wakiimba. Aliwashusha palepale, akawashikanisha mikono kwa mstari, akatembea nao hatua zilizobaki mpaka getini huku akitabasamu, na tabasamu lenyewe limemkauka usoni. Kisha akarudi kulisukuma gari taratibu, kwa msaada wa wauza magazeti wawili, hadi gereji ya Sikio iliyokuwa mtaa wa pili.

Sasa hakuondoka mara moja. Alijifanya anatafuta kitu mkobani, macho yakazunguka. Kwenye kona kulikuwa na kitu kikubwa chini ya turubai. Alikijua. Ilikuwa injini ya mtumba ambayo Sikio amekuwa akiinadi tangu mwezi uliopita kwa kila mwenye gari la aina yake, na aina yake ndiyo hii hii ya kwake. Juu ya meza, kwenye rafu ya mbao, zilipangwa chupa za dawa ya kusafishia injini, zile unazomimina kwenye oili ya zamani ili zikoroge uchafu wa ndani kabla ya kuimwaga. Chupa zilikuwa sita, zenye vizibo vya njano, zimejaa vumbi. Kati ya ya tatu na ya nne palikuwa na duara safi lisilo na vumbi. Chupa ya saba ilikuwa imeondoka pale si siku nyingi.

Mtu aliyemfahamu Kipara asingeweza kuliona duara lile na kulala usingizi. Kipara alikuwa dereva wa teksi, na kila aliyekaa naye dakika tano alisimuliwa kisa kile kile: kwamba alipeleka gari kwa Sikio likiwa zima, linalalamika kidogo tu, likatiwa dawa ya kusafisha, na siku ya nne injini ikakaba katikati ya barabara na haikuzunguka tena. Kipara sasa alitembea kwa miguu, na kila hatua aliyopiga aliisemea jina la Sikio.

Mama Pacha alijumlisha mwenyewe njiani akirudi nyumbani. Injini ya mtumba inatafuta mnunuzi. Chupa moja imetoka rafuni. Wiki iliyopita alipita pale kujaziwa upepo, na Sikio akafungua boneti "kuangalia tu". Leo amenusa, ameficha, na anataka gari libaki kwake siku tatu. Hata mtoto wa chekechea angeweza kujumlisha hivyo vinne.

Siku ya pili yake mwalimu mkuu alimwita ofisini. Alikuwa mama mpole, na upole wake ndio uliotisha. Alimkaribisha kiti, akamwulizia hali ya pacha, ndipo akamweleza kwamba wazazi wamesikia habari ya taa, kwa kuwa watoto hawana siri, na kwamba yeye hawezi kumwambia mzazi yeyote kuwa taa ilizima yenyewe na mambo yakaisha. Jumatatu asubuhi gari liwe getini, zima, na fundi awe tayari kulisemea. Lisipokuwepo, ile njia atapewa bwana mwenye gari jipya, ambaye tayari alikuwa akiwabeba watoto kwa muda na, kwa bahati mbaya, watoto walikuwa wameanza kumpenda. Gari lake lilikuwa na pazia.

Kwa hiyo mwisho ulikuwa Jumatatu. Injini ipone, au miaka mitatu ya sindano na uzi iende na maji.

Nyumbani mambo hayakuwa sawa pia. Mume wake alikuwa seremala, karakana yake ipo uani, banda la mabati lenye harufu ya gundi na mbao mbichi. Alikuwa mtu wa maneno machache kwa kawaida, lakini machache hayo hukaa mahali pake, kama misumari. Habari za magari hakuzijua wala hakujifanya anazijua. Katika gari alichokijua vizuri ni mlango, kwa kuwa unafanana na wa kabati. Sasa ghafla, wakiwa mezani, akauliza kama Sikio ameifungua injini kwa juu au kwa chini.

Mama Pacha aliacha kula. Akamwuliza kwa nini anauliza.

Anauliza tu, alisema, na akainama kumfuta pacha mkubwa mdomo ambao haukuwa na kitu.

Mume wake na Sikio walisoma dawati moja. Walikuwa wakichekana na kukopeshana nyundo tangu utotoni, na ndiyo maana fundi alimwita yeye shemeji. Hapo zamani Mama Pacha aliliona jambo hilo kama ulinzi: fundi gani atamwibia mke wa rafiki yake? Ijumaa mchana alipokuwa akianua nguo, aliisikia sauti ya mumewe nyuma ya mbao zilizosimamishwa ukutani, anaongea na simu kwa sauti ya chini.

"Mwache kwanza," alikuwa akisema. "Asijue."

Alisimama na shuka la pacha mikononi. Asijue nini? Mwaka jana mume wake aliwahi kusema kwa utani kwamba gari limemwoa mkewe, yeye amebaki na kivuli. Walicheka wote siku ile. Sasa utani ule ulimrudia ukiwa umenuna. Labda wanataka kuliua gari wamalize. Labda limeshapata mteja wa vipuri. Alijikuta anaanza kufikiri mambo ya mtu asiyemjua, na mtu mwenyewe ni yule aliyemshika mkono chumba cha kujifungulia, akazimia yeye badala yake, wakampepea pamoja na watoto.

Mchana ule alifungua daftari la mahudhurio aweke alama za wiki. Kila ukurasa, chini ya majina ya watoto, alikuwa na tabia ya kuchora kijiti kidogo chenye alama mbili, ya chini na ya juu, na kukata kimstari mahali oili ilipofika asubuhi hiyo. Alijifunza hilo kwenye masomo ya jioni ya watu wazima, si katika somo la magari, maana hapakuwa na somo hilo, bali kwa mwalimu wa hesabu aliyezoea kuwaambia kwamba kitu usichokiandika leo kesho kitakubishia.

Wiki iliyotangulia, kimstari kilikuwa kinashuka polepole, siku hadi siku, kama ilivyo kwa injini iliyochoka. Ijumaa kilikuwa katikati. Kisha Jumatatu kilikuwa juu. Si juu ya katikati: juu ya alama yenyewe ya juu. Alikuwa amekichora kwa mkono wake na hakukiona. Alikumbuka asubuhi ile, pacha mdogo kalilia kiatu, mkono mmoja kwenye stiki, mwingine kwenye kiatu.

Alikitazama kimstari kile muda mrefu. Oili hupungua, huvuja, huungua. Oili si kuku, haitagi. Ikiwa imeongezeka, kuna mkono ulioiongeza, na mkono huo uliiongeza kati ya Ijumaa jioni na Jumatatu alfajiri, wakati gari lilikuwa limelala uani kwake, geti limefungwa kwa kufuli. Sikio alikuja kuligusa Jumatano. Siku ile ya kujaza upepo ilikuwa wiki nzima kabla, na baada yake oili ilikuwa bado inashuka. Basi Sikio alikuwa ameponea kwenye jambo hilo moja, lakini Mama Pacha hakupata nafuu yoyote. Kikulacho ki nguoni mwako. Alikuwa amelisema mara nyingi neno hilo kwa mambo ya watu wengine.

Jumapili iliyopita hakuwepo, na gari lilibaki uani. Alikuwa amewapeleka pacha kwa dada yake, wakashinda huko. Alikwenda jikoni, ambako mama mkwe wake alikuwa akichambua mchele kwenye ungo, akaketi, akachukua konzi ya mchele na yeye, akaanza kutoa mawe ambayo hayakuwepo. Akauliza kwa sauti ya kupitisha muda kama Jumapili mama alikuwa na wageni.

Hakukuwa na mgeni, alisema mama mkwe. Walikuwa yeye na mwanawe tu.

"Nikamwambia avue shati la kazi, leo si siku ya kazi. Akasema ana kijambo anamfanyia mke wake. Nikadhani anakutengenezea kile kibao cha kupigia pasi." Akainua macho. "Hajakupa?"

Mama Pacha alisema bado hajampa.

Karakana ilikuwa tupu. Mume wake alikwenda kupima dirisha la mteja. Mama Pacha alitafuta bila kujua anatafuta nini, chini ya meza, nyuma ya misumeno, ndani ya debe la gundi. Mwishowe aliingiza mkono kwenye gunia la maranda, yale mabaki laini yanayotoka kwenye randa, na vidole vikagonga plastiki. Ilikuwa chupa tupu yenye kizibo cha njano.

Aliketi kwenye kigoda, akaisoma. Maelezo yalikuwa ya lugha ya kigeni, herufi ndogo kama sisimizi, lakini masomo ya jioni hayakuwa ya bure. Alisoma neno kwa neno, yaliyomshinda akayapeleka kwenye kamusi ya simu. Mimina kwenye oili ya zamani injini ikiwa ya moto. Washa, acha ingurume gari likiwa limesimama, dakika kumi hadi kumi na tano. Zima. Mwaga oili yote. Badili filta. Chini kabisa, ndani ya kisanduku chenye mstari mwekundu: usiendeshe gari dawa ikiwa ndani.

Yeye alikuwa ameendesha siku tatu. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, kwenda na kurudi, mlima wa sokoni na mteremko wa daraja, watoto tisa wakiimba.

Hakumwuliza mume wake usiku ule. Si kwa kuogopa. Aliona kwamba akimwuliza mmoja, mwingine atapigiwa simu na kuandaa jibu, na majibu yaliyopangwa alikuwa amechoka nayo. Aliweka chupa ndani ya mkoba wake, chini ya daftari, akalala akiwa ameugeukia ukuta. Mume wake naye hakulala. Kila mmoja alimsikia mwenzake akijifanya.

Jumamosi asubuhi alivaa viatu vya kutembelea. Mume wake akasema atamsindikiza gereji. Hajawahi kumsindikiza gereji hata siku moja. Alimjibu kuwa ni vyema, twende.

Sikio alipowaona wawili akasimama na kitambaa mkononi. Alianza moja kwa moja, kwa sauti ya mtu aliyekariri, kwamba ameangalia na anadhani ni filta tu imechoka, filta na oili, ataibadilisha kabla ya saa sita, shemeji asiwe na wasiwasi, anaweza kwenda zake kupumzika. Mume wake akaitikia kwa kichwa kabla fundi hajamaliza sentensi.

Mama Pacha alifungua mkoba, akaitoa chupa, akaisimamisha juu ya boneti. Kipande cha maranda kilikuwa bado kimeng'ang'ania kwenye lebo.

Mahali fulani uwanjani bomba lilikuwa likidondosha maji ndani ya karai.

"Nani anaanza?" akauliza.

Mume wake ndiye aliyeanza, na alianza kwa kukaa chini, juu ya tairi. Maneno yalimtoka kwa shida. Alikuwa amechoka kumsikia akihangaikia ule mlio. Siku moja mezani yeye mwenyewe, Mama Pacha, alisema kwamba kuna dawa ya kuisafisha injini kwa ndani, ila hajui kama ni ya kuaminika. Yeye alisikia nusu ya kwanza. Alitaka aamke Jumatatu, awashe, asisikie ka-ka-ka, ashangae. Basi, hilo tu. Akaja kwa Sikio, akainunua, akaimimina.

"Na hukuimwaga," alisema Mama Pacha.

"Ningemwaga vipi na ndiyo kwanza imeingia?" Aliinua uso, na kwa mara ya kwanza wiki nzima alikuwa anasema jambo analolijua. "Dawa ya mbao unaipaka, unaiacha inywe. Siku tatu, nne. Ukiifuta siku hiyo hiyo umeimwaga bure, mchwa wanakucheka. Mimi nilidhani inakunywa. Nilikuwa nahesabu siku."

Mama Pacha alimtazama. Ilikuwa kweli. Ilikuwa kweli kiasi cha kuudhi. Mtu huyu kila kitu alichokigusa maishani kilikuwa mbao: alipaka, akangoja, kikakauka, kikawa imara. Angejuaje kwamba kuna dawa ambayo ukiisahau ndani inageuka sumu?

Lakini kulikuwa na mwingine aliyejua. Akamgeukia.

Sikio alijikuna shingo. Alikiri kwamba alimuuzia chupa Jumamosi ile wakati wateja ni wengi, akamwambia tia kwenye oili, itasafisha, akageukia gari jingine. Hakumwambia dakika kumi, hakumwambia amwage. Alidhani atalileta gari palepale. Hakudhani, kwa kweli, hakufikiri chochote. Jumatano aliponusa stiki na kuikuta oili nyepesi kama chai, inanuka mafuta ya taa, alijua kila kitu. Akampigia rafiki yake. Wakakubaliana kwamba watamwaga, watabadilisha, watasema ni filta. Akangoja Jumamosi ili mwenye kosa awepo.

"Mlikubaliana," Mama Pacha alisema.

"Alikuwa anaona haya, shemeji."

"Mimi nilibeba watoto tisa siku tatu. Nyinyi mkawa mnaona haya."

Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu kwao kama angepaza. Mume wake aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua, na Mama Pacha alijua anawaona pacha wao wawili kwenye viti vya mbele, kwa kuwa na yeye alikuwa anawaona.

"Na Kipara?" akauliza.

Sikio alikikunja kitambaa chake mara mbili. Kisha akasema kwamba Kipara anasema kweli. Yeye mwenyewe ndiye aliyetia dawa, akangoja dakika kumi, akamwaga, akabadili filta, kila kitu kama ilivyoandikwa. Lakini injini ile ilikuwa na lami ya miaka mingi. Dawa haikuiyeyusha, iliibandua vipande vipande, na vipande vikashuka vikaziba chujio la chini, lile ambalo pampu inavutia oili. Angefungua karai la chini, lile linaloshika oili, kuchungulia angeviona. Hakufungua. Tangu siku hiyo hajaitia dawa ile kwenye gari la mtu, na chupa zimekaa rafuni zinamtazama.

"Lakini unaziuza."

Sikio alikwenda kwenye rafu, akazikusanya zote sita kifuani, akazitia ndani ya ndoo, akaisukuma ndoo chini ya meza. Mama Pacha hakuona kwamba hilo limemaliza neno. Alikuwa na Jumatatu.

Akawaambia watakachofanya. Gari litafunguliwa kwa chini, si kwa juu, na yeye atakuwepo tangu nati ya kwanza mpaka ya mwisho. Hakuna filta itakayotupwa kabla hajaiona. Mume wake atalala chini ya gari ashike taa, kwa kuwa kama aliweza kufika kwenye kizibo bila kuombwa, ataweza kufika na huko.

Oili ilitoka kama uji mwembamba mweusi, ikaenda mpaka mwisho bila kupumzika. Karai la chini lilishuka kwa shida, limeng'ang'ania gundi yake ya miaka, na lilipokuja mikononi mwa Sikio, ndani yake mlikuwa na tope la kung'aa lenye mapande, mengine ukubwa wa ukucha. Chujio lilikuwa limezibwa zaidi ya nusu. Sikio alilisogeza kwenye mwanga, na ndani ya matundu yaliyobaki ungeweza kuhesabu nafasi za kupitisha uhai wa injini kwa vidole vya mkono mmoja.

"Ungeliwasha tena mara moja..." alianza Sikio, kisha akaona ni heri asiimalizie.

Alifungua na kifuniko kimoja cha beringi za chini, zile zinazobeba uti wa mgongo wa injini. Alipitisha kidole. Akamwita Mama Pacha apitishe na yeye chake. Palikuwa laini, na mkwaruzo mmoja mwembamba kama unywele. Yule wa chini na taa yake akauliza kwa sauti ya kaburini ni nini, wanaona nini. Sikio alisema injini imekunywa sumu lakini haijafa. Mama Pacha alitaka kupitisha kidole kwenye beringi ya pili pia. Ikafunguliwa. Akapitisha.

Wakaosha kila kitu kwa petroli na brashi. Mume wake aliliosha chujio, tundu kwa tundu, kwa mswaki wa zamani, kwa uvumilivu ule ule aliotumia kusugua nakshi za kitanda, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mkono wake ulikuwa unafanya kazi unayoijua. Alasiri karai lilirudi mahali pake, filta mpya ikajazwa oili kabla ya kufungwa, na oili safi, ya rangi ya asali, ikashuka shingoni. Ni Mama Pacha aliyeimimina. Chupa zote za oili alizivunja mihuri mwenyewe, na kila moja aliinusa kwanza.

Sikio alisema hakuna dawa tena kwa injini hii, wala ya chupa wala ya mdomo. Ataiendesha wiki mbili, oili imwagwe hata kama bado inaonekana njema, aendeshe tena, imwagwe. Uchafu wa miaka unaondoka kama ulivyokuja, kidogo kidogo. Jumatatu atakuwa getini mwenyewe kulisemea, na akiulizwa kosa lilikuwa la nani atalitaja.

Mama Pacha aliketi kwenye usukani. Wanaume wawili wakasimama upande huu na ule wa boneti iliyofunguliwa, wanamwangalia kupitia ufa wake. Akazungusha ufunguo. Birika likawaka jekundu. Injini ikashika, ikagonga, ka, ka, ka, na birika bado limewaka. Alihesabu. Moja. Mbili. Tatu. Mkono wake ulikuwa umeshakamata ufunguo tayari kuzima. Nne. Birika likazima.

Sikio alitaka kupiga makofi. Mama Pacha alimwonyesha kidole, atulie. Aliacha injini ingurume dakika kumi na tano kamili kwa saa ya simu, na taa haikurudi. Kisha akazima, akashuka, akalala chini na nguo zake njema kuangalia kama panavuja. Tone moja lilikuwa linaning'inia kwenye ukingo wa karai. Wote watatu wakalala chini kulitazama. Halikuanguka.

Jumatatu alfajiri, kabla pacha hawajaamka, alitoka uani na daftari. Mume wake alikuwa ameshatoka, amesimama hatua mbili kutoka kwenye boneti, mikono nyuma, kama mgeni ambaye bado hajakaribishwa.

"Naweza kuangalia?" akauliza.

Alimtazama kidogo. Kisha akampa kitambaa. Alimwonyesha namna ya kuichomoa stiki, kuifuta, kuirudisha, kuichomoa tena, na mahali pa kusoma. Oili ilikuwa kwenye alama ya juu, wala haikuivuka. Mume wake alipokuwa akichora kimstari kwenye daftari, ulimi nje kama mtoto wa chekechea, Mama Pacha aliileta ncha ya stiki karibu na pua.

Ilinuka oili.

Akainusa tena.